Nusu Nusu

Mwalimu Sikuzani wa Fukayosi alikuwa na jina. Ukitaja hesabu, kuanzia Dunda mpaka Kiwangwa utaambiwa, "Kamuulize Sikuzani." Hata jumuiya ya walimu, ile inayokutana kila Alhamisi baada ya vipindi ili wafundishane kazi, ilimkabidhi yeye hisabati. Jumuiya yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa ya chai na mihogo. Mwalimu mkuu Mwinyijuma alikuwa akiuliza, "Kuna mwenye tatizo darasani?" na wote wanajibu, "Hakuna, mwalimu," huku mihogo ikizidi kupungua.

Sikuzani tatizo alikuwa nalo, tena limemkaa kooni. Alhamisi iliyokuwa inakuja angefundisha darasa la tano mbele ya wenzake, wa shule za jirani wakiwemo, na mada ni kugawanya sehemu. Najma, mwanafunzi asiyekubali kitu kirahisi, alikwisha kumuuliza: "Mwalimu, tatu kugawanya kwa nusu ni sita. Tumegawa, mbona vimezidi?" Sikuzani akamjibu vilevile alivyojibiwa yeye utotoni: geuza ya pili, zidisha, nyamaza.

Alasiri moja kabla ya Alhamisi hiyo, akianika kanga, akamrekodia mdogo wake Kuruthumu, fundi cherehani wa Dunda, ujumbe wa sauti. "Weye Kuruthumu, miye naumbuka! Nageuza, nazidisha, miaka yote hii, na kwa nini nageuza sijui hata chembe! Na wenzangu nao wanajifanya wanajua, kazi kula mihogo. Mwalimu mkuu ndo usiseme, akiona sehemu anatazama dirishani!" Akacheka peke yake, akautuma, akarudi kwenye kanga zake.

Simu ikaanza kulia mfululizo. Kuitazama, maskini, ujumbe haukwenda kwa Kuruthumu. Umekwenda kwenye kundi la jumuiya! Akaurukia aufute, na hapo hapo bando likaisha. Sikuzani akakimbilia ndani, akaisukumiza simu chini ya mto na kuikalia, utadhani ujumbe utafutika.

Asubuhi alipita nyuma ya shule, karibu na vyoo, asionekane. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama huko huko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hivi Sikuzani, miye natazama dirishani?"

Mwalimu wa watu akatamani ardhi immeze.

"Natazama kweli," akasema Mwinyijuma, na tumbo likaanza kumtikisika kwa kicheko. "Hebu sikiliza."

Akamwekea simu sikioni. Maulida, mwalimu wa Dunda: "Mwenzangu, hata miye sijui, nilikuwa naogopa kusema!" Mwingine, wa pili, wa tatu, kila mmoja anatubu kwa sauti kubwa. Kundi lililozoea salamu za Ijumaa na picha za maua lilikuwa limepandwa na wazimu. Halafu akaingia Shuaibu, mwalimu wa Kiwangwa, anahema kwa furaha: "Jamani, isomeni kama tunavyosema nyumbani! Sita kwa mbili, si tunagawa mbili mbili? Basi tatu kwa nusu, gawa nusu nusu! Nakuja na mananasi!"

Na kweli Alhamisi ilipofika akaja nayo, mbele yake kwenye bodaboda. Darasa likajaa, walimu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Sikuzani akaweka mananasi matatu mezani.

"Gawa nusu nusu," akasema.

Kisu kikapita, maji ya nanasi yakatiririka mpaka kwenye rejista, na watoto sita wakasimama, kila mmoja na nusu yake.

"Kila nanasi limetoa nusu ngapi?"

"Mbili!"

"Na mananasi yalikuwa matatu, kwa hiyo..." Chaki ikabaki hewani. Tatu mara mbili. Ile mbili! Ile mbili aliyokuwa akiipata kwa kugeuza nusu miaka yote bila kujua inatoka wapi, kumbe ilikuwa ndani ya nanasi! Akasahau wageni, akasahau jina lake, akapiga kigelegele mbele ya darasa, na Maulida akampokea kutoka nyuma.

"Mwalimu!" Najma akapaza sauti, kidevu chote kimelowa. "Nanasi halikuzidi! Wamezidi walaji!"

Alhamisi ile hakuna aliyekumbuka mihogo. Walibishana mpaka waliposikia adhana ya magharibi, kila mtu anatoa lake lililokuwa likimsumbua, wanachekana, wanachoreana ubaoni. Sikuzani alirudi nyumbani kichwa chepesi, furaha imemjaa. Akanunua bando. Akafungua kundi la jumuiya, akahakikisha ndilo, akahakikisha tena, kisha akabonyeza kwa makusudi.

"Wenzangu, miye Sikuzani. Hasi mara hasi inakuwa chanya. Nafundisha kila mwaka. Kuna anayejua kwa nini?"

Wa kwanza kujibu alikuwa mwalimu mkuu Mwinyijuma.

"Ahsante, mwanangu. Tangu nianze kazi nangoja mtu aulize."