Viputo Nilivyovifukuza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya misheni huko Mbinga, Sista Matroni alinikabidhi bomba la sindano akasema, "Ligonge kwa kidole mpaka hewa yote itoke. Kiputo ni mwiko." Nilikuwa msichana wa darasa la saba kutoka Mapera, naota kuvaa kofia nyeupe. Niligonga hadi kidole kikaota sugu.

Miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa walipofurika mjini, na sisi tukapata mashine ya ultrasaundi. Hupeleka mwilini sauti ya juu mno, sikio haliisikii, na mwangwi wake huchora picha kwenye kioo. Mganga Mfawidhi, daktari wetu mkuu, alinichagua kuwa msaidizi wake. Jamani, siku hiyo nilitembea kama bibi harusi!

Ndipo akaja Odilia wa Lituhi, binti aliyekwisha kuchumbiwa, anahema kwa kupanda ngazi mbili tu. Daktari alishuku tundu la moyo. Likiwepo, harusi isimame, apelekwe ng'ambo kupasuliwa.

"Tutatumia viputo," akaniambia. "Sukuma maji ya chumvi na hewa kidogo kati ya mabomba mawili, huku na huko, mpaka yawe na ukungu."

Viputo hivyo ni vidogo mno kudhuru, lakini hurudisha mwangwi mkubwa, vikang'aa kwenye kioo. Huingia upande wa kulia wa moyo na kuishia mapafuni. Vikivuka kwenda kushoto, tundu lipo.

Nikasukuma, ukungu ukatokea. Kisha kidole changu, bila hata kuniuliza, kikagonga na kugonga mpaka maji yakawa maangavu. Nikampa.

Daktari akachoma, macho yake yote upande wa kushoto. Mashine ilikuwa ngeni kwake pia. "Safi! Hakuna tundu."

Odilia akapiga kigelegele palepale kitandani. Mimi nikatazama kioo tena: hata upande wa kulia ulikuwa mweusi.

"Daktari, samahani. Viputo nimevitoa."

"Umevitoa?"

"Nilifundishwa hewa ni mwiko."

Odilia akanigeukia. "Kwa hiyo bado hamjui?"

"Hatujui, mdogo wangu." Machozi yalinitoka kabla yake.

Daktari akashusha pumzi. "Binti, leo viputo ndiyo dawa yenyewe! Rudia. Na hicho kidole kifiche mfukoni."

Safari hii kulia kukajaa weupe kama povu la ziwa lililochafuka. Tukahesabu mapigo ya moyo, tukingoja kuona kama vitavuka. Kushoto kukabaki giza, giza zuri ajabu.

"Sasa piga kigelegele," Daktari akamwambia Odilia. Akapiga, nikapiga naye, hata Sista Matroni akaja mbio kuuliza nani kajifungua. Kumbe Odilia alipungukiwa damu tu, akatibiwa, akaolewa.

Vijana mnaoanza kazi, mikono yenu itazoea. Iangalieni hata hivyo, na ikikosea, semeni mgonjwa angali kitandani.

Nilipostaafu, Odilia alinifuata Mapera na kikapu cha usipa wakavu, dagaa wa ziwani kwao. Tukapanda kilima kwenda nyumbani, yeye mbele na kikapu kichwani, anaongea bila kupumzika. Nusu ya njia akageuka, akacheka.

"Dada, mbona unahema? Twende ukapimwe viputo!"