Siku Nilipompitisha Baba Dirishani

Wakuu, mimi nimewahi kumsukuma baba yangu mzazi kwa makalio apite dirishani, saa kumi jioni, majirani wanaangalia.

Hakuwa anaiba, na hakuna nyumba iliyokuwa inaungua. Alikuwa anakwenda kupata joto.

Niwaeleze taratibu.

Naitwa Hezron. Naishi Morogoro na mke wangu Doreen na watoto wawili, Ikupa wa miaka tisa na Obed wa minne. Mwaka jana nilinunua tela dogo la kupigia kambi kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kajumba ka matairi mawili, mlango mmoja upande wa mbele, kitanda mbele, kitanda nyuma. Unakafunga kwenye gari unaondoka nako.

Nikajiona nimemaliza kila kitu duniani.

Mwezi wa saba nikapakia familia, safari Rungwe, watoto wakaone Ziwa Ngozi. Tuanzie kwa baba, Lufingo. Sikupiga simu. Nilitaka kumshtukiza.

Tulipofika, mimi ndiye niliyeshtuka. Nyumba haikuwa na paa.

Fundi Meshaki alikuwa ameezua mabati ya zamani siku tatu zilizopita. Mapya yalikuwa Kiwira, juu ya lori bovu.

"Kesho yanafika," Meshaki akasema, kwa sauti ya mtu aliyelisema hilo hata jana.

Baba yangu, Mzee Ambindwile, miaka sabini na moja, alikuwa analala kwenye jiko la nje, yeye na kuni na kuku. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, manyunyu hayakatiki. Baridi ya Julai ya kwetu ukimsimulia mtu wa Morogoro anadhani unaongeza chumvi. Na baba alikuwa anakohoa kikohozi kibaya, kile ambacho mtu akimaliza anashika ukuta. Niliogopa, sitaki kuwadanganya.

"Baba, leo unalala kwenye tela."

"Mkwe wangu yumo humo?"

"Yumo."

"Basi mimi sina baridi," akasema, meno yanagongana.

Kwa wasiojua: kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mkwe wake wa kike hawaonani. Hakuna ugomvi, ni heshima tu. Mama wa watu akisikia mzee anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Vijana wengi wameacha. Baba hajaacha, na Doreen ni binti wa Bulyaga, huko huko Rungwe, amelelewa hivyo hivyo. Miaka kumi ya ndoa, hawajawahi kutazamana usoni. Gari liliposimama tu, alikuwa ameshaingia kwenye tela na kufunga pazia.

Nikamfuata.

"Mwambie baba shikamoo," akasema. "Aje alale humu. Mimi na watoto tutalala kwenye gari."

Nikarudi kwa baba.

"Mwambie ndaga, nimeshukuru. Lakini mke wa mwanangu alale kwenye gari, mimi kitandani? Hapana. Nina kuku hapa, wana joto."

Nikaenda, nikarudi. Saa nzima. Hakuna aliyenitukana, na hakuna aliyelegea. Heshima yao wote wawili ilikuwa inaniloanisha mimi.

Mwishowe nikapata akili. Nikatundika blanketi katikati ya tela, juu mpaka chini. Mbele Doreen na Ikupa. Nyuma mimi, baba na Obed.

"Mlango uko upande gani?" baba akauliza.

"Mbele. Doreen atatoka, unapita, anarudi."

"Nipite alipotandika mkwe wangu? Hezron, umesoma mpaka wapi wewe?"

Ndiyo hapo dirisha la nyuma likaingia kwenye mazungumzo.

Meshaki alishika miguu, mimi nikashika palipobaki. Kina mama watatu waliokuwa wanatoka shambani wakasimama barabarani, wakaangalia mpaka viatu vya mzee vilipoishilia ndani. Wakasema "poleni na kazi," wakaendelea na safari yao.

Ndani baridi ilikuwa ile ile. Ukuta wa tela ni bati tu, na hita ya mzungu ilikuwa imekufa zamani. Baba akakohoa mpaka Obed akaacha kucheza.

Nikajikaza kisabuni. Nikaenda jikoni, nikakoleza jiko la mkaa mpaka likawa jekundu, nikafunga madirisha yote, nikaingia nalo kifua mbele.

"Toa hilo jiko!"

Sauti zilikuwa mbili, moja kila upande wa blanketi, kwa pamoja.

"Umeziba kila mahali," Doreen akasema. "Unataka kesho tusiamke?"

"Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, wewe," baba akasema. Halafu akageukia blanketi. "Doreen, fungua dirisha la upande wako, hewa ipite."

"Sawa, baba. Na kidonge cha jioni umekunywa?"

"Cheupe nimekunywa. Ile ya kuvuta imebaki kidogo."

"Nimekuletea nyingine. Ikupa, mpitishie babu."

Mimi nimesimama mlangoni na jiko langu, nusu ya mwili inaloa.

Joto la familia yangu likapangwa bila mimi. Baba akataka majani makavu ya migomba yatandikwe chini ya magodoro. Doreen akachemsha maji nje, akajaza chupa, akazivika soksi, kila mtu mbili, baba nne. Ikupa akahamishiwa kwa babu yake ili wabanane. Upenyo wa dirisha ukaachwa wazi. Baada ya nusu saa kifua cha baba kikatulia, na mimi nikaanza kuhisi vidole vyangu.

Ndipo nikauliza. "Nyie mnajuana?"

"Tunaongea kila Jumapili baada ya ibada," Doreen akasema. "Tangu Obed azaliwe."

"Mwiko ni kuonana," baba akasema. "Simu ina macho?"

"Na hiyo dawa ni ya nini?"

Baba akajifanya anamfunika Obed.

"Alilazwa mwezi wa tatu," Doreen akasema polepole. "Siku kumi na moja. Mapafu."

Nikapandwa na hasira. "Baba yangu analazwa, wewe unajua, mimi sijui! Hukuniambia kwa nini?"

"Mimi nilimkataza," baba akasema, bila kupandisha sauti. "Nilimwambia, acha tuone Hezron atapiga siku ya ngapi."

Sikuuliza siku ya ngapi. Sikupiga.

Nililia, jamani. Nililala nimegeukia ukuta nikalia, na kwa kuwa blanketi halizuii sauti, wote walinisikia na wote wakanistahi.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumesharudi Morogoro. Nikapiga. Namba inatumika. Nikachungulia sebuleni, Doreen yuko kwenye kochi, anacheka na simu sikioni.

Nikasubiri zamu yangu dakika arobaini.

Akapokea haraka. "Hezron! Kuna msiba?"

"Hakuna, baba."

"Watoto wazima?"

"Wazima."

"Sasa kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba. Nimepiga tu."

"Subiri nikae basi," akasema, nikasikia anavuta kigoda.

Wakuu, unaweza kumvutia mzazi wako nyumba nzima kwa gari kutoka mkoa mwingine na bado ukawa hujampa kitu alichokuwa anakisubiri. Mpigie leo, wakati mzima. Usingoje mpaka akiona jina lako kwenye simu aulize nani amekufa.