Upinde Mgumu Mbele ya Mama Mkwe

Nichekeni tu, nishazoea. Jumamosi nilienda kuchagua upinde wangu wa kwanza kwenye klabu hapa Eldoret. Mchumba wangu Chebet alikuja kuniona, akamleta na mamake kutoka Ainabkoi. Mahari bado hatujaongea.

"Anza na huu mwepesi kuvuta," kocha, Mama Atieno, akanishauri.

"Mama, mimi ni Mkalenjin," nikajigamba. "Upinde tumezaliwa nao."

Nikachukua ule mgumu kuliko zote. Nikapanua miguu, nikavuta. Kamba ikakataa. Nikabana pumzi, nikavuta kwa nguvu za ukoo mzima.

Mshale haukutoka. Kilichotoka ni ushuzi, mrefu, wenye kona.

Mama mkwe akamgeukia kocha kwa upole: "Na ule mwepesi, nao hulia hivyo?"