Boke Alale kwa Dani

Mama mkwe wangu si mtu wa kupiga simu ovyo. Mapema Desemba alipiga. "Baba Boke, Krismasi hii niletee mtoto alale kwangu, hata usiku mmoja."

Boke ana miaka minne. Tangu mama yake afariki, miaka miwili sasa, hajawahi kulala mbali nami. Nami nisingeweza kulala naye huko, maana mama ni Mjaluo, na kwa Wajaluo mkwe halali kwa mama mkwe, hata mvua inyeshe vipi. Akilia usiku, nani atambembeleza? Lakini ningemnyima vipi nyanya mjukuu? Nikasema, "Sawa, mama."

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi tuliondoka Kegonga. Mimi ni fundi wa nguo, kwa hiyo gauni lake jekundu nililishona mwenyewe. Boke alinikataza nisilikunje, akalipakata mpaka Migori, tukabadilisha gari, akalipakata tena mpaka Homa Bay. Ziwa lilipoonekana, alisimama kwenye kiti.

"Baba, nani amemwaga maji yote hii?"

"Muulize Dani, nyanya yako. Ziwa ni lake."

Saa tisa alasiri tulivuka daraja la Mbita, tukaingia kisiwa cha Rusinga. Mama mkwe alikuwa anatungoja nje. Alimtazama Boke usoni, akajipangusa macho kwa leso. "Ni mama yake kabisa," alisema. Kisha alimchambulia samaki kipande kwa kipande, maana mtoto wetu wa Kegonga hajui miiba.

Kabla jua halijatua niliaga. Nilieleza kwamba Boke hufunikwa mara mbili, kwa sababu hupiga blanketi mateke.

"Baba Boke, mimi nimelea watoto sita," alisema mama mkwe.

Nikamwita mtoto nimuage. Boke alikuwa akifukuza vifaranga, hata hakugeuka. Nilivuka daraja kwa miguu kurudi Mbita, na niliumia moyoni, sitaki kuwadanganya. Chumba cha lojing kilikuwa safi, godoro zuri, lakini wapi! Simu ilikaa kifuani mpaka kukapambazuka. Haikulia.

Asubuhi ya Krismasi nilifika nikitarajia macho mekundu. Nilimkuta ndani ya gauni lake, kikombe cha uji mkononi.

"Ulilala?"

"Nililala. Dani anakoroma." Akanitazama. "Na wewe, nani alikufunika?"

"Hakuna mtu."

"Woi! Pole, Baba."

Baada ya kanisa, kuku na chapati, nilikaa nje kwenye kiti, usingizi ukanibeba. Nilipoamka, blanketi dogo la Boke lilikuwa juu yangu, naye amesimama kando kama askari.

"Nimekufunika mara mbili," alisema. "Ulikuwa unapiga mateke."

Mama mkwe alicheka mpaka akaketi chini. Alipoomba usiku mmoja zaidi, nilikubali kabla hajamaliza. Boke alinipa blanketi niende nalo lojing. Lilinifika magotini tu, lakini nililala fofofo.

Kesho yake tulirejea Kegonga na mfuko wa omena, dagaa wa ziwani. Nilikuwa nimeondoka nikiogopa kwamba mtoto hawezi bila mimi. Kumbe asiyeweza ni mimi, na nadhani mama mkwe alilijua hilo tangu alipopiga simu. Pasaka tunarudi. Boke anataka kulala kwa Dani siku tatu, na ameshasema blanketi nitabeba mimi. Nimeliongezea kitambaa, linifike miguuni.