Nilivyofukiza Gauni za Komunyo

Naungama: niliifukizia ubani mashine ya kushonea ya mama, na ubani wenyewe ulikuwa makaa ya moto.

Mama ni fundi cherehani. Siku hiyo alikwenda kuchota maji akaniachia pasi ya mkaa niichochee, yaani niipeperushe huku na huku mpaka makaa yawe mekundu. Sasa mimi ni mtumishi wa altare, jamani. Kitu chochote kinachoning'inia mkononi mwangu na kutoa moshi ni chetezo. Nikajitanda shuka mabegani, nikaifukiza mashine mara tatu. Nikalifukiza godoro. Kisha nikazigeukia gauni saba za leisi, za wasichana wa Komunyo ya Kwanza, zilizokunjwa kitandani zikisubiri Jumapili. Nikainama kwa heshima kama paroko, nikarusha pasi kwa nguvu zote za Roho. Kifuniko kikafunguka.

Leisi ya nailoni haiungui kama nguo. Inajikunja na kunywea, kama inaona aibu. Mpaka majirani wanamaliza kumwaga ndoo, gauni saba, godoro na silingibodi ya mwenye nyumba vilikuwa vimekwenda. Mashine ilipona, ila mkanda wake uliungua.

Mama alisimama mlangoni na ndoo kichwani, hakuishusha. Akaniuliza kama nimeungua. Nikasema hapana. Akasema basi nisubiri.

Kilichoniokoa na fimbo jioni ile ni bima. Tumepanga chumba hapa Mbinga mjini kwa mzee mmoja mkulima wa kahawa. Tangu biashara ya kahawa ifunguliwe kwa kampuni binafsi, wanunuzi wa kila namna wamejaa mjini, na nyuma yao wamekuja mawakala wa bima na mikoba yao. Mzee aliikatia nyumba bima, akabandika karatasi ya kampuni juu ya mlango, pembeni ya msalaba, na kila mgeni alionyeshwa vyote viwili. Sisi wapangaji tuliamini karatasi ile inalinda kila kilicho chini ya bati. Siku moja wakala wa mzee alipomshauri mama avikatie bima vitu vyake mwenyewe, mimi nilimuuliza kama masufuria yetu nayo yatapigwa picha ya pasipoti. Mama alicheka mpaka akajichoma sindano. Wakala akaenda zake.

Baada ya moto akarudi. Akapima silingi, akapiga picha, akaandika. Mama alimsubiri amevaa kitenge kipya, orodha mkononi: gauni, godoro, mkanda. Wakala akafunga mkoba.

"Na vyangu?" mama akauliza.

"Mama, mzee alikatia nyumba. Godoro lako hakulikatia."

"Si limeungua ndani ya nyumba yake?"

"Limeungua ndani ya nyumba yake, likiwa lako."

Mzee akatazama viatu vyake. Wakala akaeleza taratibu, kama katekista, kwamba mwenye nyumba akikatia bima amelinda kuta na bati. Kitanda, nguo na mashine ni juu ya mpangaji, na asipovikatia mwenyewe hana wa kumuuliza.

Jumapili ilikuwa siku tano mbele, na wasichana saba hawakuwa na gauni. Fundi anayemwacha mtoto wa mtu bila gauni siku ya Komunyo, Mbinga hii, afungashe ahame. Mama akanipandisha lori la kwenda Mbamba Bay kwa mama mdogo, anayeuza leisi zinazovuka ziwa kutoka Malawi. Nikamkuta hana hata kipande; ziwa lilikuwa limechafuka na mitumbwi haikuvuka wiki nzima. Nilipomsimulia yote, pamoja na sehemu ya chetezo, alikaa chini akacheka machozi yakamtoka. Halafu akapanda juu ya kiti akashusha mapazia yake ya sebuleni, yale meupe ya Krismasi na Pasaka. Akayafunga furushi moja na usipa, dagaa wa ziwani, zawadi ya dada yake.

Kosa hilo si langu.

Tukaazima mkanda wa mashine, tukashona usiku na mchana, mimi nikipinda mapindo mpaka vidole vikawa na matundu kama chujio. Jumapili wasichana saba wakaingia kanisani wamevaa sebule ya mama mdogo, wakipendeza kweli, na paka wa misheni akawafuata mguu kwa mguu hadi kwenye ngazi za altare. Wazazi walilia kwa furaha. Hakuna aliyerudisha gauni.

Jumatatu mama akamfuata wakala mwenyewe. Akauliza kuhusu moto, kuhusu wizi, kuhusu maji ya jirani yakivuja. Akauliza na kama aliyewasha moto ni mtoto wa nyumbani. Wakala akasema ajali inalipwa, makusudi hayalipwi, na wote wawili wakanigeukia kwa pamoja. Nikajitia kutazama kuku.

Mama akasaini. Akaikunja karatasi, akaiweka chini ya godoro jipya, akanikalisha mbele yake akasema:

"Mashine ina bima. Godoro lina bima. Vitambaa vya watu vina bima. Humu ndani asiye na bima ni wewe tu, mwanangu, kwa hiyo ujiangalie."