Diski za Gari la Fundi Mkuu

Siku niliyoripoti karakana ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Kilosa, nilivaa sketi. Chuo cha ufundi kilinifundisha injini, hakikuniambia kwamba fundi hulala chini ya trekta. Fundi Mkuu aliitikia shikamoo yangu, akaniangalia juu mpaka chini, akaingia stoo na kutoka na ovaroli ya mtu mnene. Akaniambia niikunje miguu, tena nisimwombe radhi mtu yeyote kwa kuwa mwanamke, maana nati haijui nani kashika spana. Nilimpenda tangu siku ile, kama binti anavyompenda baba mkali.

Wakati ule karibu breki zote tulizoshika zilikuwa za dramu. Dramu ni kama bakuli la chuma lililofunika viatu vya breki. Ukikanyaga pedali, viatu hivyo vinatanuka na kulibana bakuli kwa ndani. Ikiganda, unavilegeza viatu kwa bisibisi, kisha unagonga dramu pembeni kwa nyundo, unazungusha, unagonga tena mpaka iachie. Fundi Mkuu alikuwa bingwa wa nyundo. Alijua kwa mlio tu kama chuma kimekubali.

Karakana yake ilikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba anakosea, sembuse mdogo kumwambia mkubwa. Ukimwona mtu anaelekea kuharibu, ulimsogelea ukasema "nikupokee", kama unavyompokea mgeni mzigo, naye alikukabidhi kifaa bila maswali.

"Fundi aliyechoka hupokewa," alikuwa akisema, "hakosolewi."

Yeye aliwapokea wengi. Sikuwahi kumwona akipokewa.

Kisha likaja soko huria. Shamba likauzwa, karakana ikafungwa, tukapunguzwa kazi tukiwa bado na watoto shuleni. Fundi Mkuu alijikalia kwake Magomeni ya palepale Kilosa, nyumba ya tatu kutoka kwangu, akawa mtu wa bustani. Mimi nikapata kazi Mikumi, kwenye gereji ya kando ya barabara kuu, kwa bosi mmoja mfupi, mpenda chai, asiyependa maneno. Huko ndiko nilikokutana na magari madogo ya Kijapani, yale yaliyotumika, ambayo siku hizo yalikuwa yakimiminika nchini. Mbele hayana dramu. Yana diski, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na kalipa ya kuibana. Diski huganda kwa kutu pale inapokalia habu, yaani kile kitovu cha gurudumu. Ya kwanza iliponigomea niliinua nyundo kwa nguvu zote nilizojaliwa. Bosi akaudaka mkono wangu.

"Mama, hiyo haipigwi," akasema. "Inasukumwa."

Nikawa mwanafunzi tena, mtu mzima mimi. Nilinuna siku mbili tatu, kisha nikajifunza.

Jumamosi moja nilirudi Kilosa mapema, nikasikia nyundo kwa Fundi Mkuu. Nilimkuta uani ameshusha magurudumu ya mbele ya gari dogo ambalo mwanawe wa Dar alikuwa amemletea. Mkewe alikaa barazani amevaa kanga zake nzuri, mkoba ubavuni. Alikuwa amepatwa na kiharusi, kupanda basi hawezi. Habari zilikuwa zimefika kutoka Vidunda, kwao mlimani, kwamba dada yake mkubwa yuko taabani na anamtaja. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Walikuwa waondoke alfajiri ile, lakini breki zilikuwa zikilia chuma kwa chuma. Diski nyingine zilikwishapatikana. Za zamani ndizo zilikataa kutoka.

Fundi Mkuu alikuwa akiigonga diski pembeni, vilevile alivyogonga dramu maisha yake yote. Nyundo ingeteleza kidogo tu ingeponda nyuzi za bolti za gurudumu, ile mikato ya kuzungushia nati, na gari lisingeondoka. Kando alikuwa ameshawasha jiko la mkaa ili aipashe diski moto, na moto ule ungeyeyusha grisi ya beringi na kuunguza mpira wake. Nilimsogelea. Mama alinitazama kutoka barazani.

"Nikupokee, mzee," nikasema.

Mkono wake ukasimama hewani. Aliiangalia ile nyundo.

"Kumbe neno hili linauma," akasema.

"Linauma, mzee wangu. Lakini mama anangoja."

Akanipa. Niliona macho yake yamelowa, nikainama haraka kwenye gurudumu, nisije nikalia mimi.

Kalipa alikwishaifungua; nikaining'iniza kwa waya ili mpira wa mafuta ya breki usibebe uzito. Nikasugua kutu kwa brashi ya waya kuzunguka habu, nikamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, tukanywa chai yakiendelea kupenya. Kisha nikamwonyesha matundu mawili madogo yenye nyuzi usoni mwa diski. Wengi hudhani ni mapambo. Unaingiza bolti humo. Ukizikaza, ncha zake zinaegemea habu na kuisukuma diski nje. Ila uende kidogo huku, kidogo kule. Ukiharakisha upande mmoja inakwenda mshazari na kubana zaidi.

Nilimpa spana ya bolti moja, nikashika ya pili. Tulikaza kwa zamu, robo mzunguko yeye, robo mzunguko mimi, tukitazamana kama watu wanaokula sahani moja. Diski ikaachia kwa mlio mdogo. Akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu karakana ifungwe. Ya upande wa pili alitaka aitoe peke yake, nikamwachia, nikaenda kukaa na mama.

Kesho yake niliondoka nao, breki kimya kwenye kila mteremko. Tuliipita Mikumi, tukafika chini ya mlima pale barabara ilipokomea. Wapwa wa mama walikuwa wakisubiri na machela. Walimpandisha mama mlimani, na Fundi Mkuu akafuata nyuma amebeba viatu vya mkewe mkononi. Mimi nikarudi Mikumi kazini.

Sasa nimestaafu. Magoti yamekataa kuchuchumaa, na vijana wa gereji wanaunganisha gari na kompyuta kabla hawajaligusa. Siwaonei wivu. Wakiniuliza kazi gani ilikuwa kubwa katika maisha yangu, wanategemea nitataja lori la shamba au injini fulani. Nawaambia ni diski mbili za gari dogo. Wanacheka, na mimi huwaacha wacheke.

Baada ya mavuno ya mwaka ule Fundi Mkuu alikuja kwangu na maharage ya Vidunda. Akanieleza kwamba walipofika, yule dada alikuwa hajasema neno kwa siku kadhaa. Waliwalaza ndugu hao wawili kitanda kimoja. Mama akamwita dada yake, naye akafumbua macho, akamtazama vizuri, akamgombeza kwa Kividunda kama alivyokuwa akimgombeza utotoni:

"Umechelewa. Uji umepoa."