Mama Tulia na Mifupa Iliyochemshwa

Aliyembandika jina la Mama Tulia alikuwa na utani mbaya, maana mwanamke yule kutulia hakujui. Chai aliinywa amesimama mlangoni. Kusukwa nywele ilibidi kuwe kwa awamu, upande mmoja leo na upande wa pili kesho, na msusi alilalamika kwamba amepewa kichwa chenye miguu. "Tulia" lilikuwa neno lake la kuwaambia mbwa, tulia, tulia, kutwa nzima, mpaka wapasua mbao wakamvisha yeye mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kutunza mbwa wawili waliolinda kiwanda cha kupasulia mbao. Yeye na mumewe waliishi katika vyumba viwili vilivyoegemea ukuta wa kiwanda, karibu na geti. Mume alikuwa dereva wa lori la magogo, mtu wa kuonekana leo na kusikika kesho. Mbwa jike aliitwa Bibie, na kweli alikula kibibi, anaonja, anatazama pembeni, anaonja tena. Dume aliitwa Chuma. Huyo, Mama Tulia alimlea tangu alipoletwa ndani ya kofia, macho bado hayajafunguka vizuri, akamnywesha maziwa kwa ncha ya kitambaa. Sasa alikuwa na kifua kama pipa, mwizi akisikia kikohozi chake anabadilisha njia. Ila alikuwa na pupa. Wapasua mbao walisema Chuma hatafuni, anapakia tu.

Kwa sababu ya pupa hiyo, siku ya mifupa ilikuwa na sheria zake. Mama Tulia alikwenda buchani mwenyewe, hakumtuma mtu.

"Nikukatekatie?" muuza nyama humuuliza kila mara, kwa uchokozi, shoka tayari mkononi.

"Ukikata umeniulia mbwa. Nipe shingo, nzima. Mfupa ushinde kichwa cha Chuma, asiweze kuumeza."

"Kichwa cha Chuma kinashinda changu."

"Chako hata Bibie anakimeza. Nipe shingo, nina haraka."

"Lini hukuwa nayo? Chukua basi na huu wa paja."

"Wa paja mgumu kama jiwe, utamvunja meno. Baki nao, utafunie wewe."

Akirudi, kwanza aliwapa chakula chao cha kawaida washibe, kwani mbwa mwenye njaa haupi mfupa muda wake. Kisha aliwatenganisha, Bibie bandani, Chuma nyuma ya rundo la magogo, asimwone mwenzake akadhani ananyang'anywa. Bibie aliachiwa wake, mlango wa banda wazi aonekane. Wa Chuma, Mama Tulia aliushika mwenyewe ncha moja, kavaa glovu za kubebea mbao, Chuma akiguguna ncha ya pili. Hakuchuchumaa sawasawa hata hapo. Goti moja juu, macho yanatoka kwa mbwa, yanakwenda getini, yanakwenda kwenye msumeno, yanarudi kwa mbwa. Mfupa ukishaliwa hadi ukaanza kuenea kinywani, alitoa mfukoni kipande cha ini, Chuma akaachia mfupa afuate ini, na mfupa ukaenda zake. Biashara imekwisha bila ugomvi. Halafu ananawa kwa sabuni mpaka viwikoni.

Mambo yalikuwa hivyo hadi upepo ulipoezua paa la mama mkwe. Mume akamleta kwenye kiti cha mbele cha lori, na kifurushi cha nguo, na fimbo yake. Bibi mwenye taratibu zake, asiyependa kukaa bure. Siku ya kwanza alifagia uwanja. Siku iliyofuata aliyaona mabeseni ya mbwa.

"Mwanangu, na hii mifupa unawapa na damu yake?"

"Ndiyo, mama."

"Mbwa akishazoea kibichi, kesho atamtamani mtu. Kitu cha kuliwa hupitishwa motoni."

Hapo palikuwa pa kujibu. Jibu alikuwa nalo, lilimjaa mdomoni: mfupa ukipita motoni unakauka, unavunjika vijiti vyenye ncha, unachoma koo, unachoma na utumbo. Mlinzi wa zamani wa kiwanda alimfundisha hayo, naye mlinzi aliyafahamu baada ya kumzika mbwa wake. Lakini huyu ni mama mkwe. Utaanzaje kumwambia mama wa mumeo, siku ya pili tu, kwamba hajui? Mama Tulia alisema, "Haya, mama," akainuka kwenda kuangalia geti ambalo lilikuwa limefungwa.

Jioni alimpigia mumewe simu huku akizunguka banda.

"Mwambie mama yako."

"Nimwambie nini?"

"Asichemshe mifupa."

"Kwani amechemsha?"

"Bado. Ila anaitazama sufuria."

Mume akacheka. "Si mko pamoja? Mwambie mwenyewe."

"Ni mama yako."

"Na anakupenda kuliko mimi. Niache, kuna kona hapa." Simu ikakatika.

Basi Mama Tulia akachagua njia ndefu ili akwepe ile fupi. Akawa anakwenda buchani alfajiri bucha likifunguliwa, anawalisha mbwa kabla bibi hajamaliza kunawa uso. Sufuria kubwa akaipandisha juu ya kabati. Mifupa akaificha kwenye ndoo, akaifunika gunia. Akienda kazini anageuka, akigeuka anakumbuka geti, akifika getini anakumbuka ndoo. Sentensi moja tu ingempunguzia safari zote hizo, na sentensi hiyo ndiyo hakuitoa.

Siku ya mifupa ikafika na mkosi wake. Hata kabla hajaenda buchani, lori moja lilirudi nyuma vibaya likalaza uzio. Uzio ukilala, usiku mbwa watatoka, kwa hiyo seremala akaitwa, na Mama Tulia akabaki kumshikia nguzo, akihamisha uzito wa mwili mguu huu hadi ule. Bibi akaona mkwewe ameelemewa. Akajisemea kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, naye jembe hajapewa. Akachukua kikapu na fimbo, akaenda buchani mwenyewe.

Muuza nyama aliijua fika sheria ya Mama Tulia. Lakini alimwona mtu mzima, akaiona fimbo, akaufikiria mlima wa kurudi. Mfupa mzima ataubebaje? Shoka likapanda likashuka, shingo ikawa vipande vya kubebeka, akavipanga vizuri kikapuni. Nyumbani bibi akaburuta kiti hadi kabatini, akaishusha sufuria, akavichemsha mpaka mafuta yakaelea. Akavipoza, hata kuvipuliza akavipuliza. Kisha akavimimina kwenye beseni moja na kuwafungulia mbwa wote wawili, wale pamoja kama ndugu.

Mama Tulia aliisikia harufu ya supu akiwa uzioni. Aliiachia nguzo, ikamwangukia seremala kidoleni, na matusi ya seremala akayaacha nyuma.

Alimkuta Bibie analamba beseni. Bibi amesimama pembeni, uso umekunjuka.

"Wamefurahi hao. Hawakubakiza hata kimoja."

"Chuma yuko wapi?"

"Kaenda nyuma kule. Kashiba."

Nyuma ya magogo Chuma alikuwa amenyoosha shingo, anajipiga mdomo kwa miguu ya mbele, ute unamning'inia. Mama Tulia alitega sikio. Mbwa anayekohoa bado anapata hewa, unamwacha akohoe. Huyu hakuwa na kikohozi wala mlio. Ulimi ulianza kugeuka rangi ya zambarau.

"Mama, njoo. Leta taulo. Shika taya."

"Nishike vipi?"

"Pitisha taulo nyuma ya meno, vuta juu. Usiachie."

Bibi alitupa fimbo, akapiga magoti kwenye maranda, akavuta. Mama Tulia alichungulia. Kule ndani, nyuma ya ulimi, kulikuwa na kitu cheupe, mbali, kinateleza kwa mate. Kidole hakikufika, na kidole kisichofika husukuma. Akauondoa mkono.

"Achia sasa, mama."

Akanyanyua miguu ya nyuma ya Chuma kama mtu anayeinua toroli, kichwa kikaelekea chini. Akamtikisa. Hakikutoka. Akamshusha, akamweka katikati ya miguu yake, akamkumbatia tumbo, ngumi chini ya mbavu, akabana kwa nguvu kuelekea juu na mbele. Hakikutoka. Akabana tena. Miguu ya Chuma ikalegea, mwili mzima ukawa mzigo mikononi mwake, na bibi akawa ananong'ona maneno yake na Mungu. Akabana mara nyingine, na kile kipande kikaruka, kikaanguka kwenye maranda bila kishindo.

Chuma akavuta pumzi iliyokwaruza kama msumeno uliokutana na kifundo cha mti.

Wapasua mbao walimpeleka kwa toroli hadi kwa daktari wa mifugo, Mama Tulia akikimbia ubavuni, bibi akifuata nyuma na fimbo yake. Daktari akapapasa tumbo, akapiga picha, akaonyesha kwa kalamu vidoa vyeupe.

"Kilichotoka ni kile kikubwa. Hivi vingine alivimeza. Vinaweza kupita vyenyewe, vinaweza visipite. Akitapika, tumbo likiwa gumu, akikataa chakula au ukiona damu, usingoje, mlete saa hiyo hiyo."

"Vikipita nitajuaje?"

"Kwa kuangalia anachotoa."

Ikawa kazi ya kungoja, na ikiwa kuna kazi ambayo Mama Tulia hakuzaliwa nayo ni hiyo. Aligusa tumbo la Chuma, akaenda getini, akarudi akaligusa. Alifagia palipofagiwa. Bibi alimtazama akipita mlangoni hadi akachoka kumtazama.

"Mwanangu, simama hapo. Ulikuwa unajua kwamba mfupa uliochemshwa unaua?"

"Nilijua, mama."

"Ukanyamaza."

"Wewe ni mama yangu. Ningekukatazaje?"

"Kwa mdomo. Leo umeniambia shika taya, usiachie, achia sasa. Nimekufa? Nilishika." Bibi akatazama viganja vyake. "Nilipoiona sufuria juu ya kabati, unajua nilisema nini moyoni? Nilisema huyu hataki nipike kwake. Nilisema nimekuja kuwa mzigo. Nikatafuta kitu cha kukusaidia ili unione."

Mama Tulia alikosa pa kuweka mikono. Aliitia mfukoni, akakuta kipande cha ini alichokiweka tayari kwa siku ya mifupa, hakikutumika, akakitoa, akakirudisha.

"Sufuria niliificha kwa heshima," alisema.

"Basi heshima yako ina miguu mingi, kama wewe. Njoo ukae."

Alikaa kidogo. Kisha akakumbuka geti.

Kutwa ikapita, Chuma amelala, anakunywa maji, hata mkia anakataa kuutikisa. Kesho yake asubuhi, kabla msumeno haujawashwa, Mama Tulia alikuwa nyuma ya banda akizungusha macho ardhini. Hakuona kitu. Alizunguka upande wa pili wa magogo, hakuna. Aliporudi uwanjani alimkuta bibi anatoka nyuma ya rundo la maranda, fimbo mkononi, ncha ya fimbo ikiwa mbali na nguo zake, uso kama wa mtu anayeleta posa.

"Mwanangu. Mwanao amekunya."

"Damu?"

"Hakuna damu. Nimechambua mwenyewe, kwa fimbo hii hii. Vipande vyake vimo, nimevihesabu vyote vyeupe. Na sasa hivi kanibwekea, mshenzi, kama hanijui."

Kutoka nyuma ya maranda kikasikika kile kikohozi kinachowabadilisha wezi njia. Mpasua mbao mmoja alisema asubuhi imeanza vizuri, watu wakicheka na wengine wakiuliza kumetokea nini.

"Siku ya mifupa ijayo," bibi alisema, "hizo glovu nivae mimi. Unioneshe pa kushika. Na kwa yule wa buchani twende wote, nina neno naye na shoka lake."

"Ndiyo, mama. Ila mfupa usiuvute. Yeye ndiye anayevuta, wewe unashika tu. Na ukiwa mdogo tunambadilishia ini, asiumeze." Maneno yalimtoka moja kwa moja, hata yeye akayashangaa.

"Umeona? Mdomo unao."

Mama Tulia aliketi juu ya gogo, mzima mzima, matako yote mawili, na wapasua mbao wawili wakasimamisha kazi ili washuhudie. Bibi akaanza kuisugua fimbo yake kwa maranda.

"Mama, umesema vyote umeviona vyeupe?"

"Vyote."

"Na kile kirefu, kilichokuwa kwenye picha upande huu?"

"Kimo."

Mama Tulia akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Halafu akainuka, akapangusa sketi, akaenda kuangalia mwenyewe.